Majirani wa Kaka

Kazi yangu ya pili maishani ilikuwa kufunga madirisha. Si ya mbao wala ya nondo. Ni yale yanayoruka kwenye kioo cha kompyuta bila kuitwa, yana rangi za khanga na maneno ya Kiingereza yanayowakawaka, yanakuambia kwamba wewe, kati ya watu wote duniani, umechaguliwa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ukarani katika kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kilipouzwa tulipunguzwa, na mimi nilipunguzwa mapema kwa sababu sikuwa na mke wala watoto wa kwenda kulia mbele ya meneja. Mchumba niliyekuwa naye alisubiri kidogo, kwa adabu, halafu akaolewa na mtu wa kiwanda cha minofu ya samaki.

Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha, na kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa mitumba, ruksa zahanati ya mtu binafsi, ruksa kuleta kutoka Dubai chochote kinachoingia kwenye kontena. Mwenye duka aliyeniajiri alikuwa mtoto wa mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara waliokuwa Mwanza tangu enzi za babu yake. Kwa miaka mingi waliuza vipuri vya redio. Siku moja akavisukumia vipuri stoo, akaleta kompyuta nne na laini moja ya simu, akaandikisha ukutani kwa rangi nyekundu: INTANETI. Alinichukua kwa sababu nilijua kupiga taipu bila kuangalia vidole. Mengine nilifundishwa na fundi wa kutoka Dar, aliyefundisha huku akitazama saa yake kwa sababu ya ndege.

Duka lilikuwa karibu na posta, mahali ambapo upepo wa mchana unaleta harufu ya dagaa kutoka ziwani. Laini moja ikigawanywa kwa mashine nne, kila ukurasa unakuja kwa kusuasua. Picha ya mtu inateremka mstari kwa mstari, nywele kwanza, halafu paji la uso, na kabla hujayaona macho, dirisha linaruka na kumfunika. Hapo ndipo nilipoitwa. "Fundi, kuna kitu kimetokea hapa." "Fundi, hii inasema nimeshinda gari." Nafunga moja, linakuja jingine, nafunga hilo, yanakuja mawili. Miaka hiyohiyo magugu maji yalikuwa yameziba ziwa letu mpaka mitumbwi ikashindwa kufika mwaloni kushusha samaki. Mchana nikienda kula karibu na maji, nilikuwa nawatazama watu wakiyang'oa kwa mikono na kuyarundika ufukweni, na kesho yake nawakuta palepale, magugu yamejaa kama jana. Niliwaonea huruma kama wenzangu wa kazi.

Lakini madirisha ya kelele hayakuwa mabaya sana. Mabaya yalikuwa yale ya kistaarabu, yaliyouliza ruhusa. Yanauliza jambo, na chini yana vitufe viwili, cha ndiyo na cha hapana. Ukisema hapana, yanauliza tena. Ukisema ndiyo, hata mara moja tu, programu inaingia ndani ya mashine, inaanza kuishi humo, na kuitoa ni kazi ya siku nzima. Sasa wateja wangu walikuwa watu wa adabu, na adabu yetu haina hapana ya uso kwa uso. Mtu akikuomba kitu usichotaka kutoa, unamwambia tutaona, au Mungu akipenda. Kitufe cha tutaona hakikuwepo. Basi wakawa wanabonyeza ndiyo, halafu wananiita.

Nilikuwa mpweke, na sioni sababu ya kulizungukazunguka neno hilo. Mashine zilipangwa ukutani, wateja wakitazama ukuta, mimi nilikaa nyuma karibu na mlango, kwa hiyo nilifahamu migongo ya watu wengi wa Mwanza kuliko nyuso zao. Mgongo wa mtu anayesoma habari njema unainuka kidogo mabegani. Kutwa nzima niliangalia migongo ikicheka na watu walio mbali, na jioni nikarudi Buzuruga, kwenye chumba changu nyuma ya stendi, ambako wapangaji walikuja na kuhama kabla hatujazoeana. Kulikuwa na siku ambazo aliyeniita rafiki ni lile dirisha la kwanza la asubuhi peke yake. Nililifunga, lakini kwanza nililisoma.

Sasa kaka yangu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mama, alikwenda kusoma nchi ya baridi kwa ufadhili, akamaliza, akabaki hukohuko. Tuliokua mpaka utu uzima tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Yeye alirithi jina la babu mzaa mama, kwa hiyo mama hakumwita kwa jina hata siku moja, alimwita baba. Mimi nilipewa jina la padri aliyenibatiza, na mama aliniita wewe. Kwa sura hatukufanana, ila sauti ilikuwa moja. Tangu utotoni, nikibisha hodi kutoka nje, mama aliitika, "Kalibu, baba," halafu akiniona anajirekebisha. Nilizoea, kama mtu anavyozoea kuvaa viatu vya kurithi.

Mama aliishi Usagara, ndani kidogo kutoka njia panda, na ng'ombe wachache na shamba la viazi vitamu. Baba yetu alikuwa amefariki zamani. Nilipomwambia kwamba dukani kwetu mtu anaweza kumwandikia kaka leo na wiki hiyohiyo akapata jibu, alinitazama kwanza aone kama nimekunywa. Alhamisi iliyofuata alikuja. Alivaa kitenge chake cha kanisani na alibeba mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa, kukatwa na kukaushwa juani, ambavyo kaka alivipenda kuliko nyama.

"Shikamoo mama."

"Malahaba. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Baba."

Nikamkalisha mbele ya mashine ya pembeni. Wateja wengi hawakuwa na anwani zao wenyewe, walitumia ya duka, na sisi tulitumia hiyo. Mama akasema, mimi nikapiga taipu. Salamu tu zilichukua nafasi ya barua nzima: za ng'ombe, za jirani, za kisima, za mbwa aliyekufa. Alhamisi ya pili jibu lilikuwepo. "Shikamoo mama," lilianza, "sijambo, huku ni baridi, kazi inaendelea vizuri." Mama alinirudisha kwenye lile shikamoo tena na tena. Alitaka kulisikia kwa sauti yangu, na nikaelewa kwa nini, kwa hiyo nililisoma vizuri.

Tulipokuwa tunalisoma, dirisha likaruka. Nikapeleka mkono kulifunga.

"Ngoja," alisema mama. "Nani huyo?"

"Tangazo tu, mama."

"Amesema nini?"

"Anauliza kama tunataka mshale wetu wa kwenye kioo ugeuke uwe ua."

"Sasa mtu amekuuliza vizuli, wewe unamfungia usoni?"

Nikamwambia huyo si mtu, ni mashine. Mama akaniuliza nani aliyeiambia mashine maneno ya kusema. Nikasema, watu. Akaniuliza watu wa wapi. Nikasema hata sijui, wa huko Ulaya, huko Marekani, huko aliko kaka. Hapo mama akaiweka vizuri khanga mabegani, na nikaona jambo limeamuliwa.

"Basi hawa ni majilani zake," alisema. "Mlango umefunguliwa mpaka kwake, wao wamepita njiani wakaona uko wazi, wamechungulia waone kwao baba kukoje. Mjibu. Mjibu vizuli."

Ningemwona mjinga kama nisingejua anakotoka. Kaka alipokuwa shule ya bweni, mkoa wa mbali, siku moja alishuka kwenye basi akiwa na malaria kali, akaanguka mlangoni kwa watu asiowajua. Watu hao walimlaza kwenye kitanda chao, wakamnywesha uji na dawa mpaka akasimama. Mama hakuwahi kuwaona. Hakuwahi kujua hata kabila lao. Tangu siku ile hakuna mtu aliyebisha hodi kwa mama akarudi na njaa, awe mchuuzi, awe mlevi, awe mtu wa kuhubiri dini nyingine. Alikuwa anawalipa wale kupitia yeyote aliyekuja. Na sasa kaka alikuwa amelala tena katika nchi ya watu, na watu wenyewe walikuwa wanachungulia mlangoni kwetu.

Nilijaribu kumweleza biashara ya matangazo inavyokwenda. Alinisikiliza kwa uvumilivu uleule anaompa mlevi, halafu akanyoosha kidole kwenye kioo. Nikabonyeza ndiyo. Mshale ukageuka ua jekundu, na mama akasema, "Umeona? Wameshukulu."

Ndivyo ilivyokuwa kila Alhamisi. Anashuka kwenye gari la kutoka Usagara, anakuja moja kwa moja dukani, anakaa mbele ya mashine yake, na kila dirisha linaloruka analisalimia kwa Kisukuma, mwadila, kisha ananitazama mimi nibonyeze. Nilibonyeza. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini, na ukiacha kazi, hakuna mtu mwingine aliyekuwa ananiagiza lolote. Mashine ile ikajaa wageni. Kukawa na saa iliyolia kama jogoo. Kukawa na mstari wa vitufe juu ya ukurasa, na chini yake mstari mwingine, na mwingine, mpaka sehemu ya kusomea ikabaki ndogo kama kitundu cha ufunguo. Ukurasa wa kwanza, ambao zamani ulikuwa na jina la duka letu, ukawa wa watu wanaouza viatu.

Aliyependwa zaidi alikuwa mgeni wa hali ya hewa. Aliingia siku moja, akakaa kwenye kona ya chini ya kioo, kiwingu kidogo kinachoonyesha mvua au jua la mji fulani ambao hatukuuchagua. Mara nyingi palikuwa na theluji, vitone vyeupe vinashuka taratibu. Mama alikuwa anavitazama muda mrefu.

"Leo kwake kunanyesha tena," alisema. "Na hana mtu wa kumpikia."

Mji ule haukuwa wa kaka. Nililiacha hivyo. Mimi pia sikuwa na mtu wa kunipikia, na nilikuwa nimekaa umbali wa kiwiko kutoka kwake.

Kila Alhamisi asubuhi, kabla sijaenda kazini, nilifagia chumba changu cha Buzuruga na kujaza chai kwenye chupa. Niliazima kiti cha pili kwa mpangaji mwenzangu. Nilifikiri kwamba baada ya kaka, kabla ya safari ya kurudi, mama ataniuliza, na wewe unakaa wapi siku hizi? Ningesema si mbali, twende ukaone. Lakini ilipofika saa ya kuondoka alisimama kwa haraka. "Gali litaniacha," alisema, na kunikabidhi mfuko wa matobolwa. "Hizi za baba. Akitokea mtu anayesafili, mpe. Wewe usizile."

Hakutokea mtu anayesafiri. Niliyala, pamoja na chai ile ya kwenye chupa. Yalikuwa matamu.

Majibu ya kaka yalianza kupungua. Kutoka kila wiki yakawa ya mara mojamoja, kutoka ukurasa yakawa mistari, na mistari yenyewe ilisema kazi ni nyingi. Kisha yakakatika. Niliogopa mama atavunjika moyo, lakini nilikuwa namhurumia bure.

"Hajambo," alisema. "Angekuwa na shida, majilani wangesema. Watazame. Watu wenye msiba hawaji na langi namna hii."

Na kweli madirisha yalikuwa yanakuja mengi kuliko zamani, mekundu, ya njano, yanacheza. Mama aliyatazama kama mtu anayepewa taarifa. Kuna wakati nilifikiria kumtungia kitu, nijifanye nasoma, nimpe lile shikamoo alilokuwa analingoja. Sauti nilikuwa nayo. Sikufanya hivyo, wala si kwa uadilifu. Niliona uchungu kukaa pale nimtungie kaka maneno ya upendo ambayo mimi mwenyewe hakuna aliyewahi kunitungia.

Mwenye duka alianza kulalamika kwamba mashine ya pembeni imezeeka ghafla, inachukua muda wa kuchemsha maharage ili kuwaka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," aliniambia. "Hawa wa mama yako wamekuwa wenyeji kuliko mimi." Nikacheka. Mteja mmoja, mwalimu, aliniambia pia kwamba shemeji yake wa Nairobi analetewa vitu vya ajabu kutoka kwenye anwani ya duka letu. Nikamwambia nitaangalia, na nilikuwa nasema tutaona kwa njia nyingine.

Halafu Alhamisi moja, mama akiwa amekaa, nikaona jina la kaka.

"Baba amejibu," nilimwambia. Nilisema baba, hata mimi.

Mabega ya mama yaliinuka. Nimesema nilijua migongo, lakini sikuwa nimeona mgongo ukiinuka vile. Nikafungua. Ilikuwa Kiingereza, sentensi mbili. Nikazisoma kimyakimya kwanza, na nilipomaliza nilitamani dirisha lolote liruke, la viatu, la gari, la bahati nasibu, lizifunike.

"Soma."

"Ni Kiingereza, mama."

"Wewe si unakijua? Soma."

Nikasoma. "Tafadhali acheni kunitumia matangazo haya. Anwani hii naifunga."

Modemu ilikuwa inalia pembeni. Kijana kwenye mashine ya mlangoni alikuwa anacheka peke yake. Mama alitazama kioo kama anayesubiri mengine yashuke, kama zile picha zinazokuja mstari kwa mstari.

"Amesalimu?" aliniuliza.

"Hapana."

"Hata shikamoo hakuna?"

"Hakuna, mama."

Nilidhani atalia. Badala yake alishusha pumzi, akaegemea nyuma, na uso wake ukalainika.

"Basi hajui kama ni mimi," alisema. "Mtoto wangu hawezi kunijibu bila shikamoo. Amedhani ni watu wengine. Mwandikie. Mwambie ni mimi."

Nilikuwa na hasira, lakini siyo na mama. Jina la duka lilikuwa ndani ya anwani tuliyotumia kumwandikia, na neno Mwanza lilikuwemo. Mtu aliyezaliwa hapa anawezaje kuliona neno hilo kila siku asiulize nani anamwita? Au alikuwa ameacha kulisoma? Mpaka leo sijapata jibu, na nimemgeuza kaka pande zote mbili, siku nyingine namsamehe, siku nyingine simsamehe. Siku ile nilipiga taipu alichosema mama, na safari hii hakutaka ng'ombe wala kisima viwemo. "Ni mimi, mama yako wa Usagara. Siyo watu wengine. Ni mimi." Nikatuma.

Mama akasimama. Kwa mara ya kwanza hakuonekana kuogopa kuachwa na gari.

"Alhamisi ijayo siji," alisema. "Mtu akishajua ni mama yake anamwita, haandiki. Anakuja."

Akanipa mfuko wa matobolwa, halafu akabadili mawazo, akauchukua tena. "Hizi atazikuta nyumbani." Nikamsindikiza mpaka kwenye gari. Nilitaka kumwambia chai ipo, chumba kimefagiwa, lakini alikuwa amejaa furaha yake, na hapakuwa na mahali pa kuingizia maneno yangu.

Nilipokuwa nafunga duka jioni ile, ule ujumbe wetu ulikuwa umerudi. Mashine ilieleza kwa Kiingereza cha ofisini kwamba anwani hiyo haipo tena. Nikautuma tena. Ukarudi tena, haraka zaidi, kana kwamba ulikuwa umeshajua njia.

Mwenye duka alimwita yule fundi wa Dar. Aliifungua mashine ya pembeni, akaangalia muda mrefu, akapiga mluzi. Kisha akanieleza. Mmoja wa wale wageni tuliowakaribisha alikuwa ameingia mpaka mahali zinapohifadhiwa anwani za watu wote waliowahi kuandikiwa kutoka dukani, na tangu siku ile alikuwa akiwatumia matangazo kila laini ilipofunguliwa, kwa jina letu. Viatu, magari, bahati nasibu. Umechaguliwa. Kaka naye alikuwemo, tena anwani yake ndiyo iliyotumika zaidi pale, kwa hiyo pengine yeye alipata zaidi ya wote.

Nikakaa kwenye kiti cha mama. Kwa miezi mingi mama yangu, ambaye hajawahi kuingia kwa mtu bila hodi, alikuwa anaruka kwenye kioo cha mwanawe huko ugenini, na rangi za khanga na kelele, asubuhi na jioni. Na mwanawe alimfanyia kile ninachofanya mimi kutwa nzima kwa mshahara. Fundi aliifuta mashine yote, akapandikiza kila kitu upya, akaniambia nisimruhusu tena mtu yeyote kubonyeza ndiyo.

Mashine ikawa safi. Ukurasa wa kwanza ukarudisha jina la duka. Jogoo wa saa hakuwika, na kwenye ile kona ya chini hapakuwa na kiwingu wala theluji. Alhamisi ilifika, nikafagia chumba asubuhi, nikajaza chai, nikaazima kiti, kwa mazoea tu, kisha nikashinda dukani natazama mlango. Mama hakuja. Nilikuwa nimemchukia kaka kwa kunichukulia mama kila wiki. Sasa kaka alikuwa amenyamaza, na mama naye hakuwa na sababu ya kuja mjini.

Alikuwa anangoja nyumbani, na mimi ndiye pekee niliyejua kwamba ujumbe wake haukufika. Ilibidi nimwambie. Jumapili, baada ya misa, nikapanda gari la Usagara. Njia nzima, kupita Buhongwa, mpaka mashamba yalipoanza, nilikuwa napanga sentensi moja. Nilitaka iwe fupi, isiyomlaumu kaka na isiyomdanganya mama. Kila nilipoipata ilinitoka.

Niliposhuka njia panda nikatembea kwa mguu. Kutoka mbali niliona uwanja wa nyumba yetu umefagiwa mpaka kwenye njia, mistari ya ufagio bado mibichi. Jamvi jipya lilikuwa limetandikwa kivulini. Kando ya mlango kulikuwa na kigoda cha mgeni, kile cha marehemu baba yetu, kimepakwa mafuta, na karibu yake jogoo mwekundu, mkubwa kuliko wote wa boma, amefungwa mguu kwa kamba. Kwenye ungo, juani, kulikuwa na matobolwa.

Nikasimama mahali wanaposimama wageni, nikaita.

"Hodi."

Ndani kitu kilianguka, nadhani ni sufuria.

"Kalibu!" Mama alikuwa anapiga kelele. "Kalibu, baba! Nilisema mimi! Nilisema akijua ni mimi atakuja! Kalibu, baba yangu, kalibu!"

Akatoka anakimbia. Mikono ilikuwa na unga, khanga imemwanguka bega moja, na sikumbuki kumwona mama akikimbia tangu nilipopata akili. Akafika kwenye kizingiti, akaniona. Akatazama nyuma yangu, kwenye njia, mpaka kule inakopinda. Halafu akanitazama mimi tena, na nikaona uso wake unashuka taratibu, na unajitahidi usishuke.

"Ah," alisema. "Ni wewe."

"Ni mimi, mama."

Akajifuta unga kwenye khanga. Akasema kalibu, kwa upole, kama anavyomwambia kila mtu. Nikakaa kwenye jamvi, nikiitafuta ile sentensi yangu, naye akainama, akamfungua yule jogoo kamba ya mguuni, akamwacha aende.